Njumu za Kuchezea Kwenye Nyasi Bandia: Namna ya Kuzichagua

Kiatu cha mpira wa miguu kina kazi mbili zinazovutana. Kinatakiwa kishike ardhi mchezaji anapokimbia au kusimama ghafla, na kinatakiwa kiachie mguu unapogeuka. Kwenye nyasi za kuota, sehemu kubwa ya kazi hiyo ya pili hufanywa na uwanja wenyewe: jino la soli likizidiwa, udongo humeguka, bonge la nyasi hung'oka na goti hupona. Nyasi bandia hazing'oki. Nyuzi zake zimeshonewa kwenye kitambaa kizito kilicho chini, na jino lililozama humo hubaki limenaswa huku mwili ukigeuka, hadi nguvu yote iishie kwenye kifundo cha mguu au kwenye goti. Ndiyo maana anayetafuta njumu za kuchezea kwenye kapeti, kama viwanja hivi vinavyoitwa mitaani, anatafuta zaidi kiatu kinachoachia kwa wakati. Kushika, uwanja wenyewe unashika vya kutosha.

Jambo hili hupimwa. Katika mpango wa ubora wa viwanja ulioanzishwa na FIFA mwaka 2001, sahani yenye meno hukandamizwa kwenye nyasi kisha huzungushwa, na nguvu iliyohitajika kuizungusha huandikwa kwa nyutoni-mita. Kwa miaka mingi uwanja wa daraja la juu ulitakiwa kutoa kipimo kati ya 30 na 45, na wa daraja la chini yake kati ya 25 na 50. Ila sahani hiyo ina meno ya aina moja tu. Mchezaji akiingia na meno marefu yaliyochongwa kama kisu, cheti cha uwanja hakimsaidii kitu.

Uwanja hutazamwa kabla ya kiatu, kwa kuwa jina moja la nyasi bandia limebeba vitu vitatu visivyofanana. Nyasi za kwanza zilizojulikana zilitandikwa ndani ya uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani, mwaka 1966: nyuzi fupi za nailoni zisizo na mchanga wala chembe kati yake, ngumu karibu sawa na sakafu. Uingereza ilizijaribu kuanzia mwaka 1981, klabu ya Queens Park Rangers ilipoziweka kwenye uwanja wake wa Loftus Road. Luton Town, Oldham Athletic na Preston North End wakafuata, na Preston wakawa wa mwisho kuziondoa, mwaka 1994. Mpira ulidunda kupita kiasi, na aliyeteleza kwa paja aliinuka na kidonda kama cha kuungua. Kizazi cha pili kilirefusha nyuzi kidogo na kujaza mchanga katikati yake. Kizazi cha tatu, kilichoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kina nyuzi za milimita 40 hadi 60, mchanga chini, na juu yake chembe nyeusi za tairi zilizosagwa. Hizi ndizo nyasi zilizoingia katika sheria za mchezo mwaka 2004, na ndizo zilizotumika katika mechi zote za Kombe la Dunia la Wanawake nchini Kanada mwaka 2015, ingawa wachezaji walizipinga waziwazi. Ndizo pia zilizotandikwa kwenye viwanja vya Uhuru jijini Dar es Salaam, Nyamagana jijini Mwanza, Kaitaba mjini Bukoba, Camp Toyoyo jijini Nairobi, Nyamirambo jijini Kigali na kwenye uwanja wa TP Mazembe mjini Lubumbashi.

Lakini kizazi cha uwanja si kile kilichoandikwa kwenye mkataba wa ujenzi. Kapeti la kizazi cha tatu linahitaji kupigwa brashi mara kwa mara ili nyuzi zisimame, na kuongezewa chembe zinazopotea. Chembe hizo huondoka na soksi za wachezaji, hukusanyika pembeni mwa uwanja, na masika huzisomba hadi mtaroni. Uwanja uliokosa matunzo kwa miaka michache hubaki na nyuzi zilizolala na mchanga ulioshindiliwa, hivyo huchezeka kama wa kizazi cha pili hata kama cheti chake cha zamani kingali ukutani ofisini. Viwanja vidogo vya kukodi kwa saa, vyenye wavu pande zote, mara nyingi hutandikwa nyasi fupi tangu mwanzo.

Njia rahisi ya kuutambua uwanja ni kidole. Kidole cha shahada husimamishwa kati ya nyuzi na kukandamizwa. Kikizama karibu pingili moja ndani ya chembe laini kabla ya kukutana na ugumu, uwanja huo unayapokea meno. Kikigonga ugumu mara moja, meno hayana pa kuingia, na mchezaji mwenye meno marefu atakuwa amesimama juu ya ncha kama aliyepanda mchuchumio. Kidole kipitishwe golini, katikati ya uwanja na pembeni, maana mbele ya lango ndipo kapeti huisha kwanza. Njia hii itabaki na maana hata chembe za tairi zikitoweka: Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba chembe hizo ziache kuuzwa katika nchi zake kuanzia mwaka 2031 kwa sababu ya plastiki ndogondogo zinazosambaa kwenye mazingira, na viwanja vipya tayari vinajazwa vitu vingine, kwa mfano magome ya mti yaliyosagwa.

Aina ya soli huandikwa kwa herufi mbili kwenye boksi, na mara nyingi pia kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu. FG ni ya nyasi za kuota kwenye ardhi ngumu kiasi. SG ni ya ardhi laini yenye matope, na kwa kawaida ina meno ya chuma ya kufungua na kufunga. AG imetengenezwa kwa nyasi bandia za kizazi cha tatu. TF ina vijino vingi vidogo vya mpira vilivyoenea soli nzima. IN au IC ni soli bapa ya ukumbini. MG hudai kufaa sehemu nyingi, na FG/AG hudai kufaa sehemu mbili. Kampuni hazikubaliani kwa undani juu ya herufi hizi, kwa hiyo herufi hupunguza tu idadi ya viatu vya kuangaliwa, na uamuzi hutolewa na soli yenyewe.

SG haina nafasi kwenye kapeti. Meno yake ya chuma hukata nyuzi na kutoboa kitambaa cha chini, na wenye viwanja wengi huikataza mlangoni. Hata pale isipokatazwa, jino refu la chuma lililonaswa kwenye nyuzi ni hatari kwa anayelivaa kuliko kwa anayekanyagwa nalo.

Mjadala mkubwa uko kati ya FG na AG. Kwa mbali zinafanana, na FG ndizo zinazojaa madukani. Soli ya FG ina meno machache na marefu zaidi, na katika viatu vya mbio mengi kati ya hayo huwa bapa kama kisu. AG ina meno mengi zaidi, mafupi, ya mviringo, na katika baadhi ya viatu kila jino lina shimo katikati. Wingi wa meno hugawa uzito wa mwili. Soli yenye meno machache juu ya kapeti gumu humfanya mchezaji ahisi kila jino chini ya unyayo, na baada ya saa moja kisigino na mzizi wa kidole gumba huanza kuwaka. Ufupi huzuia jino lisizame hadi kwenye mchanga. Mviringo ndio wenye maana kuliko vyote, kwa sababu jino la duara huzunguka ndani ya nyuzi bila kupingwa sana, wakati jino bapa husukuma nyuzi kwa upana wake wote.

Hoja inayorudiwa na wauzaji ni kwamba wachezaji wa kulipwa huonekana wakivaa FG kwenye kapeti. Ni kweli huonekana. Nyuma yao, hata hivyo, kuna daktari wa timu, misuli iliyofanyiwa mazoezi kila siku na viatu vipya vinavyoletwa kabla vya zamani havijachakaa, mambo ambayo mchezaji wa Jumamosi jioni hana. Tafiti za majeraha nazo hazijatoa jibu moja kuhusu kama nyasi bandia kwa jumla huumiza kuliko za kuota, na si haki kulitupia kapeti kila goti lililoteguka. FG yenye meno mafupi ya mviringo si dhambi kwenye uwanja mzuri wa kizazi cha tatu. FG ya meno bapa ni ya kuacha, hasa kwa aliyewahi kuumia goti. Liko pia suala la fedha: baadhi ya watengenezaji hukataa madai ya dhamana wakigundua kwamba kiatu cha FG kilichopasuka kilichezewa kwenye nyasi bandia.

TF hudharauliwa na vijana kwa sababu haifanani na kiatu cha televisheni, na hilo ni kosa. Soli yake ni ya mpira, ina tabaka la sponji linalopunguza mshtuko, na vijino vyake havinaswi kirahisi. Kwa kapeti fupi, kapeti lililochakaa na viwanja vya kukodi, hakuna kiatu kinachoipita. Tena Afrika Mashariki ina hali isiyotajwa na waandishi wa boksi: mchezaji yuleyule hufanya mazoezi Jumanne kwenye uwanja wa udongo mgumu au changarawe, kisha hucheza mechi Jumapili kwenye kapeti. Meno ya AG huisha upesi kwenye changarawe, lakini TF hustahimili pande zote mbili. Mwenye fedha ya jozi moja tu, na asiyecheza ligi kwenye uwanja uliotunzwa, hana sababu ya kwenda mbali zaidi ya TF. Udhaifu wake huonekana mvua inaponyesha kwenye nyuzi ndefu: vijino havifiki chini na mchezaji huteleza anapoanza mbio. Hapo AG hushinda waziwazi. Soli bapa ya ukumbini huteleza hata kwenye umande.

Dukani, kiatu hupinduliwa kwanza. Meno ya mbele yanatakiwa kukaa chini ya mzizi wa kidole gumba na chini ya mzizi wa kidole kidogo. Yakiangukia katikati ya uvungu wa unyayo, kiatu hicho kilitengenezwa kwa mguu mwingine. Kisha kiatu hukunjwa kwa mikono miwili. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika na kugoma katikati. Kinachokunjika katikati hakiubebi mguu, na kisichokunjika kabisa kitachubua kisigino kwa sababu kisigino kitapanda na kushuka ndani yake kila hatua. Mwisho, kidole gumba cha mkono huingizwa ndani na kukandamiza soli ya ndani juu ya jino. Jino likihisika waziwazi kwa kidole cha mkono, unyayo nao utalihisi ukiwa umebeba uzito wa mwili mzima.

Sehemu ya juu ya kiatu huteswa na kapeti kuliko inavyoteswa na nyasi za kuota. Nyuzi za plastiki husugua ncha ya kiatu na ubavu wa ndani, hasa kwa mpigaji anayeburuta mguu. Ngozi laini hukaa vizuri mguuni, ila hukauka na kupasuka upesi isipopakwa mafuta. Plastiki nyembamba ya viatu vya mbio ni nyepesi lakini huchanika pembeni. Kitambaa cha kufumwa hupitisha hewa na hupitisha chembe pia, na mchezaji hurudi nyumbani na nusu kiganja cha tairi ndani ya soksi. Kwa matumizi ya kila wiki, ngozi ya bandia ya unene wa wastani, iliyoongezewa mpira kwenye ncha, hudumu kuliko vyote hivyo, na bei yake si kubwa.

Joto nalo halipuuzwi katika nchi hizi. Kapeti lililopigwa na jua la saa saba mchana laweza kuzidi nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango ambacho nyasi za kuota hazikaribii kwa sababu zinatoa maji. Joto hilo hupanda kupitia soli na huilainisha gundi, ndiyo maana viatu vingi vya kapeti hufunguka mdomo mbele kabla meno hayajaisha. Mnunuzi hutazama kama soli imeshonwa pamoja na kugundishwa. Isiposhonwa, fundi viatu anaweza kuizungushia uzi wa nailoni kabla ya mechi ya kwanza. Kazi hiyo ni rahisi kwenye soli ya mpira ya TF. Kwenye plastiki ngumu ya AG hufanywa kwenye ncha tu, na fundi asiye na mkono mzuri anaweza kuipasua. Kwa upande wa soli ya ndani, iliyo nene kidogo huuzuia mguu usiungue, na hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Mguu hupimwa jioni, ukiwa umevimba baada ya shughuli za siku, na ukiwa ndani ya soksi zile zile za mechi. Mchezaji husimama juu ya karatasi akiwa ameegemeza kisigino ukutani, na alama huwekwa mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili. Miguu yote miwili hupimwa na mkubwa ndio unaofuatwa. Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo kipimo cha sentimita kilichochapishwa kwenye lebo ndicho cha kulinganisha na karatasi. Nafasi ya nusu sentimita hadi sentimita moja mbele ya kidole inatosha. Kwenye kapeti mguu husimama ghafla kuliko kwenye udongo, kwa hiyo kiatu kikubwa huufanya uteleze ndani na kucha kugonga mbele hadi kugeuka nyeusi, na kiatu cha kubana, kwenye joto lile, huleta malengelenge kabla ya mapumziko. Upana husahaulika mara nyingi: mwenye mguu mpana huongeza namba akidhani anatafuta nafasi, kumbe anahitaji kiatu cha umbo jingine.

Kwa watoto, kiatu cha kukulia ndani yake ni akiba ya uongo. Mtoto wa miaka minane hadi kumi na minne mara nyingi hupata maumivu ya kisigino, kwa sababu mfupa wa kisigino bado unakua na kano ya nyuma ya mguu inauvuta. Soli ngumu yenye meno machache juu ya kapeti huyaongeza. TF ndiyo ya kwanza kwa umri huo, na AG husubiri uwanja unaostahili.

Wanawake wana sababu ya ziada ya kuwa makini na soli inayonasa, kwa kuwa kano ya mbele ndani ya goti hukatika mara nyingi zaidi kwao kuliko kwa wanaume. Kwa miongo mingi viatu vyao vilikuwa vya wanaume vilivyopunguzwa namba na kubadilishwa rangi, wakati mguu wa mwanamke kwa kawaida una kisigino chembamba zaidi ukilinganishwa na upana wa mbele. Mabadiliko yameanza: mwaka 2023 Nike ilitoa Phantom Luna, iliyobuniwa kwa ajili ya wanawake na kupangiwa meno kwa duara ili mguu ugeuke kirahisi. Asiyeipata hutafuta kiatu kinachokamata kisigino bila kubana vidole, na mara nyingi kukaza kamba katika tundu la mwisho la juu husaidia.

Golikipa huchagua kama wengine, akikumbuka kwamba husimama pale ambapo kapeti limechakaa kuliko kote.

Wengi hununua mtumba, na si ajabu kukuta kwenye soko la Mchikichini jijini Dar es Salaam au la Gikomba jijini Nairobi jozi bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Kiatu cha mtumba husomwa kwa kuanzia menoni. Meno yaliyoisha upande mmoja yameshafuata mwendo wa mwenyewe wa kwanza na yatamlazimisha wa pili kukanyaga vivyo hivyo. Soli hukunjwa mara kadhaa kutafuta ufa, ambao kwa kawaida huanzia nyuma ya meno ya mbele, na ukuta wa kisigino hubonyezwa kuona kama ungali mgumu. Gundi mpya inayong'aa pembeni ina maana kiatu kilishafunguka. Viatu vingi vya mtumba kutoka Ulaya ni FG au SG, kwa hiyo anayetafuta AG awe na subira.

Kwa viatu vipya, tatizo ni bandia. Namba ya modeli kwenye lebo ya ndani hutakiwa kulingana na ya kwenye boksi, na lebo za kiatu cha kulia na cha kushoto hutakiwa kuonyesha modeli moja. Ishara mbaya zaidi ni boksi lililoandikwa AG lenye kiatu cha meno machache marefu ndani yake. Kiatu cha jina dogo chenye soli sahihi kina faida kuliko cha jina kubwa kilichoigwa, kwani mwigaji huanza na nembo, na soli huishia kuwa plastiki yoyote iliyopatikana.

Viatu vipya havipelekwi moja kwa moja kwenye mechi. Huvaliwa nyumbani, kisha katika mazoezi mepesi mawili au matatu, ili ngozi na kisigino vizoeane. Baada ya mchezo chembe hukung'utwa nje ya uwanja, soli ya ndani hutolewa, na kiatu hufutwa kwa kitambaa chenye maji na kukaushwa kivulini kikiwa kimejazwa karatasi. Kukianika juu ya bati au kukisahau ndani ya buti la gari mchana kutwa ni kuimaliza gundi iliyosalimika uwanjani. AG hubadilishwa meno ya mbele yanapobaki nusu ya urefu wake au plastiki inapoonyesha ufa. TF hubadilishwa vijino vilivyo chini ya kidole gumba vinapokuwa laini, hata kama sehemu nyingine yote ya kiatu inaonekana mpya.